"Sauti Iko Sawa" Si Jibu: Kupima Modemu na Simu za Maandishi

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na waliouliza kama nimeacha kuandika nawaambia bado nipo. Ni kazi tu. Tangu mwaka uanze nimekuwa nikiandika programu ambazo kazi yake ni kupiga simu, kutuma maneno machache kwa njia ya milio, kukata, kisha kupiga tena. Wenzangu niliosoma nao sayansi ya tarakilishi wako kwenye apu za rununu na akili unde, mimi niko na modemu. Wananiita mzee wa makumbusho :-)

Wacha wacheke. Kazi hii imenifundisha jambo moja kuhusu kupima programu ambalo sikulipata darasani, na nadhani litamfaa hata yule ambaye hajawahi kugusa modemu maishani.

Simu ya maandishi ni kitu gani?

Mimi ni wa kizazi cha bando. Mlio wa modemu niliusikia kwenye filamu kabla ya kuusikia kazini, kwa hiyo wacha nianze mwanzo.

Simu ya maandishi ni kifaa chenye kibodi na kioo kidogo, kilichobuniwa kwa ajili ya mtu asiyesikia au asiyeweza kuongea. Unaandika, kifaa kinageuza kila herufi kuwa milio, milio inasafiri kwenye laini ya simu kama sauti nyingine yoyote, na kifaa cha upande wa pili kinaigeuza kuwa herufi tena. Kwa ufupi ni modemu, ila ni modemu ya polepole mno.

Kilianzia Marekani mwaka 1964. Robert Weitbrecht, mwanafizikia wa California ambaye alikuwa kiziwi, alishirikiana na viziwi wenzake wawili, James Marsters na Andrew Saks, wakachukua mashine kuukuu za teletaipu na kuzifanya ziongee kupitia simu ya nyumbani. Kampuni ya AT&T wakati huo haikuruhusu mtu wa nje kuunganisha kifaa chake kwenye nyaya zake, na mwanya wa kisheria ulikuja kufunguka mwaka 1968 kupitia uamuzi wa Carterfone. Weitbrecht na wenzake hawakugusa nyaya. Walitengeneza kitako ambacho unalaza mkono wa simu juu yake, milio inaingia kwenye kipaza sauti cha simu kana kwamba ni mtu anapiga mluzi.

Mbinu hiyo ilikuwa ya kijanja sana, lakini iliacha urithi ambao ndio unanipa kazi leo: mtandao wa simu haujui kwamba umebeba maandishi. Unadhani umebeba sauti. Na ukidhani umebeba sauti, utaitendea kama sauti.

Milio, biti na herufi

Simu ya maandishi ya Kimarekani hutumia milio miwili: wa Hz 1400 ni moja, wa Hz 1800 ni sifuri. Kila biti huchukua milisekunde 22. Herufi ina biti 5, zikitanguliwa na biti ya kuanzia na kufuatwa na ya kumalizia, kwa hiyo herufi moja inakula takriban milisekunde 165. Piga hesabu mwenyewe, ni herufi 6 hivi kwa sekunde. Tena mnaandika kwa zamu. Ukimaliza unaweka GA, yaani "zamu yako", na mkitaka kuagana mnaweka SK.

Biti 5 zinatoa michanganyiko 32 pekee, na hiyo haitoshi herufi na tarakimu kwa pamoja. Ndiyo maana kuna msimbo wa kusema "zinazofuata ni tarakimu", ambao ni 11011, na wa kusema "zinazofuata ni herufi", ambao ni 11111. Umeona? Tofauti yake ni biti moja tu, ile ya katikati. Ikiharibika njiani, tarakimu zinazofuata zitasomwa kama herufi, na nambari inayoanza na 0722 itatokea kwenye kioo ikiwa PUWW. Angalia safu ya juu ya kibodi yako utaelewa ni kwa nini.

Na usidhani dunia nzima ilifuata njia moja. Uingereza ilichukua modemu za V.21 zenye kasi ya biti 300 kwa sekunde, Ujerumani ikawa na mfumo wake wa biti 110, na kuna nchi zilizotumia milio ile ile ya kubonyeza nambari za simu. Shirika la ITU lilitoa kiwango cha V.18 mwaka 1994 ili vifaa hivi viweze kutambuana. Mimi nikiandika jaribio, inabidi niwe na kinywa cha kila mmoja wao.

Mahali tatizo linapoingia

Siku hizi simu nyingi hupita kwenye intaneti hata kama mpigaji hajui. Sauti hukatwa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20, kila kipande kinawekwa kwenye pakiti na kutumwa. Pakiti moja ikipotea, sikio la binadamu halishtuki. Seva inaziba pengo kwa kurudia sauti iliyotangulia na mazungumzo yanaendelea.

Sasa rudi kwenye ile hesabu. Biti ni milisekunde 22, pakiti ni milisekunde 20. Pakiti moja iliyopotea ni karibu biti nzima. Herufi moja imetandazwa kwenye pakiti 8 au 9. Tuseme mtandao unapoteza pakiti 1 katika 100, bila mpangilio. Kwa sauti hiyo si neno, watu wanaongea na kucheka. Kwa maandishi, herufi kama 8 katika kila 100 zitakuwa zimeguswa. Si zote zitaharibika, lakini nyingi zitaharibika.

Kisha kuna kodeki. G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde na kubeba milio bila shida kubwa. G.729 hutumia kilobiti 8 tu, na inafanya hivyo kwa kukisia jinsi koo na mdomo wa binadamu vinavyotoa sauti. Mlio wa Hz 1400 hautoki kooni mwa mtu, na kodeki hiyo itaukoroga. Kisha kuna bafa inayosawazisha mwendo wa pakiti, ambayo inaweza kuongeza au kupunguza milisekunde kadhaa katikati ya mazungumzo bila kumwambia mtu. Kisha kuna vizuia mwangwi. Modemu za kawaida hutoa mlio wa Hz 2100 kuviambia vikae kando, lakini simu ya maandishi ya Kimarekani haina desturi hiyo. Inaanza tu kuandika.

Ninavyopima

Kampuni ninayofanyia kazi hapa Nairobi hupima mitandao ya wateja walioko ughaibuni, hasa Marekani. Muundo wenyewe ni rahisi. Kuna tarakilishi mbili zenye seva ya simu ya Asterisk na maktaba ya spandsp, ambayo inaweza kujifanya modemu au simu ya maandishi bila kifaa chochote cha chuma. Upande mmoja unapiga na kuandika sentensi inayojulikana. Upande wa pili unaandika ilichosikia. Skripti inalinganisha.

Kwa modemu, mtu huridhika haraka. Unatuma ATDT na nambari, unasubiri, inarudi CONNECT 33600, unashangilia. Simu ya maandishi haina CONNECT. Haisalimiani na mwenzake, na isipoandika huwa kimya kabisa. Kwa hiyo huwezi kuuliza "mmeunganishwa?" Swali pekee lenye maana ni "umesoma nini?" Na nikitazama nyuma, hilo ndilo swali ambalo hata modemu ingefaa iulizwe, maana nimeona nyingi zinazosema CONNECT na kuporomoka dakika tatu baadaye.

Mambo ambayo nimeyaona yanasaidia ni haya:

1. Usilinganishe herufi kwa nafasi. Herufi moja ikidondoka, zote zinazofuata zinasogea na utadhani sentensi nzima imeoza. Tumia umbali wa Levenshtein, hesabu ya mwaka 1965 ambayo bado ni dawa.

2. Changanya herufi na tarakimu kwenye sentensi ya majaribio. Sentensi ya herufi tupu haigusi ule msimbo wa kubadilisha, na hapo ndipo penye maumivu. Wazee wa teletaipu walikuwa wakituma RYRYRY kwa sababu biti za R na Y ni kinyume kabisa, 01010 na 10101. Ni nzuri kwa kukagua milio, lakini haitoshi.

3. Piga simu ndefu. Sekunde kumi hazitoshi kuiona bafa ikijirekebisha.

4. Piga wakati mtandao umejaa. Mchana wetu, New York wamelala na kila jaribio linapita. Jioni yao ni usiku wetu wa manane, na kwa kuwa sina nia ya kukesha, ndipo unapoona faida ya majaribio yanayojiendesha.

5. Hifadhi rekodi ya sauti ya kila simu iliyoshindwa. Bila rekodi utabishana na watu wa mtandao mpaka Krismasi.

Mabishano yenyewe

Na mabishano yalikuja. Mteja mmoja, jina nalihifadhi, aliamua kubana gharama kwenye njia mojawapo kwa kuhamia kodeki ya kilobiti 8. Walipima sauti kwa vipimo vyao, alama ikawa nzuri, watu wao wakapiga simu wakasikilizana vizuri. Usiku huo huo majaribio yangu ya maandishi yakawa mekundu, karibu yote.

Kwenye mkutano, mhandisi wao alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba sauti iko sawa. La pili, kwamba watumiaji wa vifaa hivi wamepungua sana, kwa hiyo jaribio lihamishwe kwenye orodha ya yale ambayo yakishindwa hayazuii kazi kuendelea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bajeti na tarehe ya mwisho, kama sisi sote.

Wamepungua, ni kweli. Marekani yenyewe, tume yake ya mawasiliano ilikubali Desemba 2016 kwamba kampuni za simu za mkononi zinaweza kuacha kusaidia vifaa hivi zikiweka mfumo mpya wa maandishi ya papo kwa papo. Lakini kupungua si kwisha, na anayebaki na kifaa cha zamani mara nyingi ni mzee ambaye hana kingine. Chini ya sheria yao ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, huduma za dharura kama 911 zinatakiwa kufikiwa moja kwa moja na watu wanaotumia simu za maandishi na modemu za tarakilishi. Bila mkalimani, bila kuambiwa upige kwingine.

Niliporudi kwenye meza yangu nilifanya hesabu ndogo nikawatumia. Kiwango kinachotajwa sana katika mambo haya ni kosa moja katika herufi 100. Kinasikika kizuri. Chukua ujumbe wa herufi 40, urefu wa anwani ya mtu. Hata kwa kiwango hicho, ujumbe mmoja katika kila mitatu utakuwa na angalau kosa moja. Yakifika makosa 8 katika 100, ujumbe unaofika mzima ni nadra, kama 4 katika 100.

Wakajibu kwamba mtu akiona ujumbe umeharibika ataomba urudiwe. Jibu hilo lilikuwa na akili ndani yake, na kwa siku mbili sikuwa na la kusema.

Aliyenifungua macho

Nina binamu, binti ya mama mdogo, fundi cherehani kule Kisumu. Ni kiziwi tangu utotoni. Hajawahi kutumia simu ya maandishi, maisha yake yako kwenye SMS na WhatsApp, vipimo vya nguo, bei, kila kitu. Nilimweleza kazi yangu kwa WhatsApp, nikampa mfano wa 0722 kugeuka PUWW. Nilitarajia ashtuke.

Aliandika hivi: "Hiyo si mbaya kaka. Hiyo naona imeharibika, nitauliza tena. Mbaya ni nambari kugeuka nambari nyingine. Hapo pesa imeenda."

Mtu yeyote aliyewahi kutuma M-PESA kwa nambari isiyo yake anaelewa alichosema. Nilifungua jedwali la misimbo nikaanza kutafuta tarakimu zinazotofautiana kwa biti moja. Tarakimu 1 ni 11101 na 7 ni 11100. Biti moja. Tarakimu 7 na 8, biti moja. 0 na 1, biti moja. 1 na 2, biti moja. Na mfumo huu hauna njia yoyote ya kukagua makosa, kila mchanganyiko wa biti 5 unakubalika kuwa ni kitu halali. Nyumba nambari 17 inaweza kufika kwa mpokeaji wa simu za dharura ikiwa nambari 77, safi kabisa, bila alama yoyote ya kuonyesha kuna tatizo. Anayesikia angeuliza "umesema kumi na saba?" kwa sababu alisikia mkwaruzo. Anayesoma hasikii mkwaruzo. Anaona 77 na gari linaenda 77.

Kwa hiyo nikagawanya ripoti sehemu mbili. Upande mmoja makosa yanayoonekana, yale ambayo msomaji angeyatambua. Upande wa pili makosa yanayojificha: tarakimu iliyogeuka tarakimu, herufi iliyogeuza neno kuwa neno jingine halali. Kisha nikaweka kanuni moja: kosa lililojificha ndani ya nambari ya nyumba au ya simu, hata likiwa moja, linazuia kazi kuendelea.

Nilipeleka ripoti hiyo mpya pamoja na rekodi za sauti. Sikuongeza maneno. Orodha ya anwani zilizotumwa upande mmoja, na anwani zilizosomwa upande wa pili. Bosi wangu, ambaye huwa haingilii sana, aliwauliza swali moja tu: "Ni ipi kati ya hizi mngependa kuieleza mahakamani?" Njia ile ilirudishwa kwenye G.711. Suala la bafa bado linajadiliwa, na jaribio langu bado lina uwezo wa kuzuia.

Mfumo mpya nao upimwe

Usije ukadhani mambo yataisha vifaa vya zamani vikistaafu. Maandishi ya papo kwa papo, yale yanayoelezwa na T.140 na RFC 4103 ya mwaka 2005, ni hatua kubwa. Maandishi yanasafiri kama maandishi, si kama milio. Kila pakiti hubeba pia nakala ya maandishi ya pakiti zilizotangulia, kwa hiyo ikipotea moja, inayofuata inaziba. Herufi ni za UTF-8, nyote wawili mnaweza kuandika kwa wakati mmoja, na kila herufi inaonekana unapoibonyeza.

Lakini kwa muda mrefu mfumo huo mpya utalazimika kuongea na wa zamani kupitia mitambo ya kutafsiri, na hapo katikati kuna mitego. Upande mpya unaandika herufi ndogo, wa zamani hauzijui. Upande mpya unaweza kufuta neno, wa zamani tayari umeshalichapa. Upande mpya unamwaga maneno, wa zamani unameza herufi 6 kwa sekunde. Nani anasubiri, nani anadondosha? Hayo ndiyo ninayoyaandikia majaribio sasa.

Na sisi huku?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, nukta nundu au njia nyingine inayofaa ya mawasiliano. Ni maneno mazuri. Kwetu waandishi wa programu, maneno hayo yanageuka kuwa kazi ya mikono: fomu gani, ujumbe gani, jaribio gani. Mifumo yetu ya malipo, ya hospitali, ya matatu, yote hutuma tarakimu kwa watu ambao hawawezi kupiga simu kuuliza "umesema ngapi?" Unapoandika majaribio yako, usiishie kwenye seva kurudisha 200 ukafunga tarakilishi. Fika mpaka kwenye kioo cha msomaji. Chukua kilichosomwa, kiweke kando ya kilichotumwa, kisha ujiulize: kikikosewa, atajua?

Swali langu kwenu wadau: binamu yangu akivamiwa na wezi usiku huko Kisumu, ataandikia nani? Mwenye jibu lililopimwa, na namaanisha lililopimwa, aniandikie barua pepe. Tuonane.